Kuonja divai katika Sicilia: safari inapangwa namna gani, na koperative inapata faida gani?



Kila mwaka watu wengi wanatoka kwao, wanapanda ndege, wanalipa hoteli, juu tu ya kuonja divai pale zabibu zake zinaota. Fasi moja yenye wanapenda ni Sicilia, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika bahari ya Mediterania, sehemu ya inchi ya Italia.

Katika namba hii tunaeleza namna safari kama hiyo inapangwa. Hatuwaambie mukate tikiti ya ndege. Hata mwenye hakunywe pombe anaweza kusoma bila hofu, kwa sababu muonjaji wa kweli anatema. Tunaandika juu mugeni huyo analipia kitu chenye sisi wakulima wa kahawa tunawaachia wengine wauzishe: jina la shamba na ladha yake.

1. Zamani divai ya Sicilia ilitoka bila jina

Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya divai ya Sicilia ilisafirishwa bila chupa, katika vyombo vikubwa, mpaka Italia ya kaskazini na Ufaransa. Kule wafanyabiashara waliichanganya na divai yao yenye ilikosa nguvu. Jua la Sicilia ni kali, zabibu zinajaa sukari, na sukari ndiyo inageuka kuwa alkoli. Lakini juu ya chupa jina la Sicilia halikuonekana. Mukulima aliuzisha nguvu ya zabibu zake, na mwingine aliuzisha jina.

Mutu mwenye anajua namna kahawa yetu ilikuwa inavuka ziwa Kivu ndani ya mitumbwi usiku, na kufika sokoni kama kahawa ya inchi ingine, anaelewa jambo hili bila mwalimu.

Leo divai ingine ya Sicilia bado inaenda vile. Lakini wakulima wengi wameanza kutia divai katika chupa zao wenyewe, na kufungua mulango ili mugeni aone shamba lenye ilitoka.

2. Kuchagua pande moja ya kisiwa

Wageni wengi wanataka kuona kila kitu kwa siku tatu. Haiwezekani. Kutoka Catania, pande ya mashariki, mpaka Marsala, pande ya magharibi, ni zaidi ya kilometa 300 kwa barabara. Mwenye kupanga vizuri anachagua pande moja.

Pande ya mashariki kuko Etna, volkano yenye urefu wa zaidi ya metre 3.300, na yenye bado inatoa moto. Ndugu wa Goma na Rutshuru watajisikia kwao: udongo mweusi, mawe ya lava, na kuta za mawe zenye kushika udongo usiteremuke na mvua. Mizabibu inapanda mpaka karibu metre 1.000. Zabibu nyeusi ya pale inaitwa Nerello Mascalese, kwa jina la muji wa Mascali. Katika mwaka wa 1928 lava iliharibu muji huo karibu wote. Watu walijenga tena, na jina liko katika mizabibu mpaka leo. Divai ya Etna iko na alama ya asili yenye kulindwa na sheria tangu mwaka wa 1968. Tena, wakulima wamegawanya mulima katika vipande zaidi ya 100, vyenye wanaita contrada, na jina la contrada linaweza kuandikwa juu ya chupa. Ni kama tungeandika juu ya mufuko wa kahawa jina la kilima, si jina la territoire tu.

Pande ya kusini-mashariki, karibu na Vittoria na Noto, kuko joto zaidi. Hapo wanalima Nero d'Avola, zabibu nyeusi yenye kujulikana sana katika kisiwa.

Pande ya magharibi kuko Marsala. Katika mwaka wa 1773 mufanyabiashara Mwingereza, John Woodhouse, alipeleka divai ya pale Uingereza na kuiongezea pombe kali ili isiharibike katika bahari. Hivyo Marsala ilipata jina mbele ya divai zingine za kisiwa. Pande ile ile kuko Menfi, muji wa koperative yenye tutazungumuzia chini.

Kuko pia Pantelleria, kisiwa kidogo chenye kuwa karibu na Tunisia kuliko Sicilia. Upepo ni mukali sana, basi mukulima anachimba shimo kidogo kwa kila muzabibu, na muti unabaki mufupi ndani yake. Katika mwaka wa 2014 UNESCO iliandika desturi hiyo ya kulima katika hesabu ya urizi wa watu wote.

3. Kuchagua majira

Mwisho wa juma la mwisho katika mwezi wa 5 kuko siku zenye zinaitwa Cantine Aperte, maana yake «nyumba za divai ziko wazi». Zilianza mwaka wa 1993, na zinafanyika katika Italia yote. Mugeni anapokelewa na watengenezaji wengi, lakini watu ni wengi pia, na mukulima hana wakati wa mazungumuzo marefu.

Mavuno yanaanza mwezi wa 8 katika sehemu za chini, lakini kwenye Etna yanaweza kufika mwezi wa 10, sababu baridi ya mulima inachelewesha zabibu. Ni wakati muzuri wa kuangalia, lakini si wakati wa kusumbua mutu. Mwenye anataka kujifunza kilimo afike wakati miti inakatwa matawi, kisha mavuno, kati ya mwezi wa 12 na wa 2. Hakuna majani, na muti unaonyesha umbo lake lote.

4. Kuomba nafasi mbele ya kufika

Wenye kutengeneza divai ni wakulima. Mugeni anatuma habari mbele: tuko watu wangapi, tunafika saa ngapi, tunazungumuza luga gani. Anauliza pia bei, sababu kuonja kunalipwa. Kwa siku moja, kutembelea wawili kunatosha. Wa tatu, ulimi umechoka na mutu hasikii tena tofauti.

Halafu anapanga gari. Sheria ya Italia inakataza kuendesha kama mutu iko na gramu zaidi ya 0,5 za alkoli katika litre moja ya damu. Basi kikundi kinachagua mutu mumoja asikunywe, ao kinalipa shofere. Kwenye Etna kuko pia treni ndogo, Circumetnea, yenye kuzunguka mulima mpaka Riposto.

5. Namna ya kuonja

Wanaanza na divai nyeupe, kisha nyekundu, na ya sukari mwisho. Kidogo tu katika glasi. Kwanza kuangalia rangi. Kisha kunusa, juu pua inajua mambo mingi kuliko ulimi. Kisha kutia kidogo katika kinywa, kuzungusha, na kutema katika chombo. Maji na mukate viko pembeni ili kusafisha kinywa.

Muonjaji anatafuta uzuri, lakini anatafuta makosa pia: harufu ya siki, harufu ya karatasi yenye iliingia maji, ladha yenye imekufa. Kisha anauliza: shamba liko kwa urefu gani? Mulivuna lini? Nani alichagua zabibu? Mwenye shamba sherti ajue jibu.

6. Koperative inapata nini?

Katika Menfi kuko koperative Settesoli, yenye ilianzishwa mwaka wa 1958 na leo iko na wanamemba karibu 2.000. Mukulima wa mashamba madogo peke yake hawezi kununua mashini ya divai, wala kupokea wageni kila siku. Pamoja wanaweza.

Mugeni analeta faida tatu. Ya kwanza, ananunua chupa bila mutu wa katikati. Ya pili, akirudi kwao anataja jina. Ya tatu ndiyo kubwa: anaambia mutengenezaji ukweli juu ya ladha, mbele ya soko kumuambia kwa kushusha bei.

Lakini gharama ziko. Sherti kuwe mutu wa kupokea, maji safi, choo, barabara yenye kupitika. Na sherti wanamemba wote wafuate sheria moja. Sanduku moja la zabibu zenye zimeoza, likiingia katika tanki ya wote, linaharibu kazi ya wote.

7. Na sisi?

Wanamemba wengi wa koperative zetu wanavuna kahawa miaka 20 bila kunywa kahawa ya shamba lao. Munuzi anaionja, kisha anakuja na bei. Sisi tunajibu nini? Tunajibu kilo.

Angalia ladha ya kirai, yenye kusumbua kahawa ya Kivu, ya Rwanda na ya Burundi. Mududu antestia anatoboa tunda, na vijidudu vinaingia. Mbegu moja tu inatosha kufanya kikombe kizima kinuke kirai kibichi. Mara mingi jicho halioni kitu katika mbegu ile, mizani pia haioni. Pua inajua.

Basi tuanze kuonja sisi wenyewe, bila kungojea mugeni wa ndege:

– Mutenge kahawa ya kila kilima peke yake, hata kilo chache, na muandike jina na tarehe.
– Mukaange kidogo, rangi moja kwa zote, na muisage siku ya kuonja.
– Kwa kila kilima mutie kahawa ya uzito sawa katika vikombe vitano, na maji yenye yametoka kuchemuka. Mungoje dakika 4, muvunje povu ya juu na kijiko, munuse. Ikipoa kidogo, muvute kwa kijiko na kutema.
– Muandike kila kikombe chenye kuwa na kosa na kilima chenye kilitoka. Kisha mwende katika shamba lile: miti ilikatwa matawi? Matunda yenye kuelea katika maji yalitolewa? Antestia iko?

Mutu asihukumiwe kwa kikombe kibaya. Kikombe kibaya kinatuonyesha fasi ya kuanza kazi.

Maswali ya mukutano wa mwezi huu: Katika koperative yetu, nani anaonja kahawa mbele ya kuiuzisha? Je, tunaweza kutaja kilima cha kila mufuko? Na munuzi akituuliza ladha ya kahawa yetu, nani atasimama na kumujibu?