Afisa Aliyechezea Nchi Isiyo Yake

Robert Montagu Poore, aliyezaliwa Dublin nchini Ireland mwaka 1866, anakumbukwa katika vitabu vya takwimu za kriketi kwa msimu mmoja tu, ule wa mwaka 1899. Lakini maisha yake yana thamani nyingine kwa msomaji wa leo, kwa kuwa yanaonyesha jinsi jeshi la kikoloni na mchezo huo vilivyobebana, na jinsi cheo cha afisa kilivyofungua viwanja ambavyo wenyeji wa nchi walifungiwa.

Kriketi huchezwa na timu mbili zenye watu kumi na mmoja kila moja. Mrushaji huutupa mpira kuelekea vijiti vitatu vilivyosimamishwa wima, viitwavyo wiketi, naye mpigaji huvilinda kwa gongo bapa. Akiupiga mpira na kuwahi kubadilishana upande na mwenzake, huhesabiwa mbio moja. Kwa kuwa mechi kubwa zilichukua siku tatu au zaidi, mchezo huu ulihitaji watu wenye muda, na katika karne ya 19 wachache walikuwa na muda kama maafisa wa jeshi la Uingereza wakati wa amani, waliopewa likizo ndefu, farasi, watumishi na viwanja kando ya kambi.

Poore alijiunga mwaka 1886 na 7th Hussars, kikosi cha askari wapanda farasi ambamo alihudumu pia Douglas Haig, aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza nchini Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Nchini India aliteuliwa kuwa mpambe, yaani afisa wa kumhudumia kiongozi kwa karibu, wa Lord Harris, gavana wa Bombay kuanzia 1890 hadi 1895, ambaye naye aliwahi kuwa nahodha wa timu ya Uingereza. Inasemekana Poore alijifunza mbinu za kupiga mpira kwa kusoma vitabu, tena akiwa mtu mzima. Bombay ya wakati huo ilikuwa na wachezaji hodari wasio Wazungu, hasa Waparsi, ambao timu yao ilikwisha kuzuru Uingereza mwaka 1886. Hata hivyo Wahindi walilazimika kuiandikia serikali mara kwa mara kulalamika kwamba kwato za farasi wa polo wa maafisa zilikuwa zikiuchimbua uwanja waliochezea wao, huku Wazungu wakiwa na uwanja wao uliozungushiwa mipaka. Poore alikuwa mchezaji wa kriketi na wa polo pia, na katika ugomvi huo hakuwa na cha kupoteza.

Mwaka 1895 kikosi chake kilihamishiwa Afrika Kusini, na miezi michache baadaye, timu ya Waingereza iliyoongozwa na Lord Hawke ilipozuru, Poore aliteuliwa kuichezea Afrika Kusini katika mechi zote tatu za Test, jina linalopewa mapambano ya kimataifa ya hadhi ya juu kabisa. Hakuwa mzaliwa wala mlowezi, na nchi yenyewe haikuwepo bado, kwani Muungano wa Afrika Kusini uliundwa mwaka 1910. Mafanikio yake yalikuwa haba: alipata mbio 76 tu katika mechi hizo, ya kwanza ikiwa ile ya Port Elizabeth ambamo Afrika Kusini yote iliangushwa kwa mbio 30, hasa na mrushaji wa Uingereza George Lohmann.

Nafasi aliyopewa Poore inaeleweka vizuri zaidi ikipimwa na ya Krom Hendricks, mrushaji mwenye kasi kubwa kutoka Cape, ambaye Waingereza waliowahi kukabiliana naye walimsifu waziwazi. Hendricks hakuwa Mzungu, na mwaka 1894 jina lake liliondolewa katika safari ya kwenda Uingereza kwa ushawishi wa Cecil Rhodes, waziri mkuu wa koloni la Cape, na msaidizi wake William Milton. Hakuichezea nchi yake hata mara moja. Mstari huo wa rangi, hata hivyo, haukuchorwa kwa rula. Katika mechi ya pili ya mwaka 1896 alicheza kijana wa Natal, Charlie Llewellyn, ambaye wanahistoria wengi husema mama yake hakuwa Mzungu, jambo ambalo binti yake alilikanusha baadaye. Poore ndiye aliyempendekeza Llewellyn kwa timu ya jimbo la Hampshire nchini Uingereza, naye akaichezea hadi 1910 kama mchezaji wa kulipwa, tabaka lililotofautishwa kabisa na lile la wachezaji wa ridhaa, yaani mabwana waliocheza bila mshahara, wakiwemo maafisa kama Poore.

Mechi ya tatu ilichezwa Cape Town mwishoni mwa Machi 1896, siku zilezile ambazo Wandebele, kaskazini zaidi katika Zimbabwe ya leo, walikuwa wakiinuka dhidi ya utawala wa kampuni ya Rhodes. Walikwisha kunyang'anywa ardhi na ng'ombe, wakalazimishwa kufanya kazi, kisha sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioteketeza mifugo ya Afrika Mashariki miaka michache kabla, ukafika kwao na kumaliza mifugo iliyobaki. Kikosi cha 7th Hussars kilipelekwa kusaidia kuuzima uasi huo, na Poore akaenda nacho, akitoka uwanjani na kuingia vitani katika mwaka mmoja. Kumbukumbu za kriketi huupitia mwaka huo kwa sentensi moja ya sifa za kijeshi, bila kuwataja waliopigwa.

Aliporudi Uingereza alioa mwaka 1898 katika ukoo wa Duke wa Hamilton, na mwaka uliofuata akiwa likizoni akawa gumzo la nchi. Kati ya tarehe 12 Juni na 12 Agosti 1899 aliipatia Hampshire mbio 1,399 kwa wastani wa 116.58 kila alipotolewa, zikiwemo 304 mjini Taunton dhidi ya Somerset, ambako yeye na Kapteni Teddy Wynyard walishirikiana kuongeza mbio 411. Wastani wake wa msimu mzima, 91.23, haukupitwa Uingereza hadi Don Bradman wa Australia alipofanya hivyo mwaka 1930.

Miezi michache tu baadaye vita dhidi ya Makaburu wa Afrika Kusini vilianza, na Hampshire ikapoteza wachezaji wake wanajeshi walioitwa vitani. Mwaka 1900 ilishika mkia bila kushinda hata mechi moja. Timu iliyotegemea likizo za maafisa ilikuwa, kwa kweli, mali ya wizara ya vita. Poore akawa mkuu wa polisi wa jeshi la Uingereza huko Afrika Kusini, na shajara yake ya kipindi hicho bado husomwa na wanaobishana juu ya kesi ya Harry Morant, luteni wa upande wa Waingereza aliyepigwa risasi Pretoria tarehe 27 Februari 1902 kwa kuwaua wafungwa wa Kikaburu, kwa sababu inagusia maagizo ya Lord Kitchener, mkuu wa majeshi ya Uingereza huko, kuhusu maadui waliokamatwa wakiwa wamevaa sare za Waingereza. Katika Vita Kuu ya Kwanza alihudumu India, akastaafu akiwa Brigedia Jenerali, na kufariki Boscombe mwezi Julai 1938, mwaka mmoja baada ya Dick Moore kupata mbio 316 na kuivunja rekodi yake ya Hampshire ya mbio 304.