Kubana Faili za Chama kwa Programu ya gzip

Vyama vinavyotunza orodha za wanachama na hesabu za mazao katika kompyuta hujikuta, baada ya misimu michache, vina faili nyingi na nzito. Kuzituma kwa intaneti dhaifu hula muda na fedha. Programu ya gzip huzipunguza faili hizo bila kupoteza hata herufi moja. Iliandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ikatolewa mwaka 1992 ili ishike nafasi ya programu ya zamani, compress, ambayo mbinu yake ilikuwa chini ya hataza. Matumizi yake ni bure.

Katika daftari la mapokezi maneno yale yale hurudiwa mstari hadi mstari: jina la zao, daraja, kituo. Badala ya kuyaandika upya, programu huweka alama fupi ya kuonyesha pale yalipokwisha kuandikwa. Kisha herufi zitokeazo mara nyingi hupewa alama fupi na zile adimu alama ndefu, kwa njia aliyoitangaza David Huffman mwaka 1952. Ndiyo sababu orodha za maandishi hupungua sana, ilhali picha za JPEG, ambazo zimekwisha kubanwa, hazipungui kwa kiasi cha maana.

Katibu huandika amri moja tu:

gzip mapokezi.csv

Hapa yafaa uangalifu. Faili ya awali huondolewa, na mahali pake hubaki mapokezi.csv.gz. Asiyelijua jambo hili hudhani daftari limepotea, kumbe amri ya gunzip hulirudisha kama lilivyokuwa. Atakaye kubaki na zote mbili huandika gzip -k, amri inayopatikana tangu toleo la 1.6 la mwaka 2013.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni faili kuharibika njiani. Doa la wino katika daftari la karatasi huficha mstari mmoja. Katika faili iliyobanwa, kosa dogo laweza kuzuia kusomeka kwa yote yanayofuata, kwani kila sehemu huitegemea iliyotangulia. Kwa hiyo gzip huweka ndani ya faili namba ya ukaguzi, na mpokeaji huipima hivi:

gzip -t mapokezi.csv.gz

Faili ikiwa nzima, programu haisemi neno, na kimya hicho ndicho jibu. Ikilalamika, nakala nyingine iombwe kabla ya malipo ya wakulima kukokotolewa, na kabla mtumaji hajafuta yake.

Tena, kubana si kuficha. Yeyote aipataye faili hiyo aweza kuifungua, hivyo orodha yenye namba za akaunti za wanachama isitumwe kwa njia hii peke yake.