Ruta Inapopunguziwa Uwezo kwa Mbali

Mwenye duka la intaneti mjini Gitega au Muyinga aweza kulala ruta yake ikiwatenga wateja na kompyuta za ofisi, akaamka kipengele hicho hakipo. Hakuna mwizi aliyeingia. Ruta nyingi zitolewazo na kampuni za intaneti huwasiliana zenyewe na seva ya kampuni, kwa utaratibu uitwao TR-069 uliotangazwa mwaka 2004, zikapokea programu na mipangilio mipya. Hitilafu hurekebishwa pasipo fundi kusafiri, nasi twashukuru. Lakini kwa njia hiyohiyo kipengele huweza kuondolewa, mteja asiarifiwe.

Wahalifu nao huubisha mlango huo. Novemba 2016, nchini Ujerumani, uvamizi wa namna hiyo uliwakatia mtandao wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom; mtuhumiwa alikamatwa Uingereza mwaka 2017.

Kwa polisi, hili ni suala la ushahidi. Uhalifu ukitendwa kupitia mtandao wa duka, anwani inayoonekana kwanza ni ya mwenye duka. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa ikiwa imeondolewa kimyakimya, atajitetea kwa lipi?

Ndugu mwananchi, piga picha kurasa za mipangilio ya ruta yako, uandike tarehe. Kipengele kikitoweka, iombe kampuni maelezo kwa maandishi. Ikinyamaza, peleka malalamiko ARCT, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini. Na akupigiaye simu akijiita fundi, akataka nenosiri, usimpe: kata simu, kisha piga wewe nambari iliyoandikwa katika mkataba wako.