Pikipiki Yako Huinama Ukifunga Breki?

Msomaji, je, pikipiki yako huinama mbele kama mbuzi anywaye maji kila ufungapo breki? Usiilaumu barabara. Huenda oili ya shokabu za mbele imechakaa.

Wengi hubadilisha oili ya injini na kuisahau hii, ambayo kazi yake ni kutuliza springi. Ikiisha nguvu, gurudumu hurukaruka na breki hazishiki vyema.

Fundi wako aliinue gurudumu la mbele kabla ya kufungua vifuniko vya juu, asije akarukiwa na springi. Amwage oili kuukuu yote, kisha atie mpya kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, sawasawa pande zote mbili.

Oili ikichuruzika nje, mpira unaoizuia umekwisha. Ikifikia breki, huenda usisimame, nawe umempakia mtoto wa shule.