Dhahabu Iliyo Nyekundu

Mgonjwa wa homa afikapo Kituo cha Afya Buzuruga, akachomwa kidole na tone la damu yake likatiwa katika kipimo cha haraka cha malaria, mstari mwekundu utakaojitokeza humo aghalabu huwa ni dhahabu halisi, madini yaleyale yachimbwayo Geita ng'ambo ya ziwa na kusafishwa hapa Mwanza katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2021.

Dhahabu iliyogawanyika mno, hata chembe yake ikawa na upana wa nanomita 40 hivi, yaani mafungu 40 tu ya milimita iliyokatwa mara milioni, huuacha umanjano wake, kwa sababu mwanga huzitikisa elektroni zake zote kwa pamoja, ile rangi ya kijani ikamezwa na wekundu ukabaki. Michael Faraday alibainisha London mwaka 1857 kwamba wekundu huo watokana na dhahabu iliyogawanyika mno. Na mwaka 1951 John Turkevich na wenzake, huko Marekani, wakaeleza jinsi ya kuzipata chembe hizo kwa kuichemsha chumvi ya dhahabu pamoja na sitrati, chumvi itokanayo na asidi iliyomo ndani ya ndimu.

Taabu huanza mtu atakapo nyingi. Katika sufuria kubwa moto hupenya kutoka ukutani, kwa hiyo chembe za pembeni huzaliwa mapema zikanenepa kabla za katikati hazijaanza, na chembe zisizolingana hazina rangi moja ya kutegemewa. Mawimbi ya maikrowevu, yatetemayo kiasi cha mara bilioni mbili na nusu kwa sekunde, huzizungusha molekuli za maji zenyewe, na joto likazaliwa ndani ya kimiminika; lakini hayapenyi ila sentimita chache, na hiyo ndiyo hoja ya kukiacha chombo kikubwa na kupitisha kimiminika hicho katika mrija mwembamba, mfululizo, kila tone likipata sekunde zilezile za joto.

Mtambo wa namna hiyo waweza kukaa juu ya meza ya maabara, nami naona uchungu kwamba dhahabu yetu husafiri ikiwa matofali, na vipimo vingi tuvitumiavyo hutoka ng'ambo. Kazi hii haiuzidi uwezo wa Mwanza, ingawa inataka ustadi: dhahabu hupenda kuganda ukutani mwa mrija, na utando huo, ukiyanasa mawimbi, huwaka moto kuliko maji na kuvuta dhahabu zaidi, hata mrija ukaziba au ukatoa cheche. Dawa yake mojawapo ni kuyakatiza maji ya dhahabu kwa mafuta, ili mafuta yaulowanishe ukuta na matone yapite kati bila kuugusa.