Majina haya ya Kigiriki yasikutie hofu

Majuzi nilikwenda Mombasa kumjulia hali dada yangu, nikamkuta mwanawe, mpwa wangu anayesoma shule ya sekondari, amekaa barazani na kitabu cha fizikia mapajani. Uso ameukunja kama mtu aliyelamba ndimu. Nilipomwuliza kilichomsibu, akanijibu: "Mjomba, mimi fizikia naiacha. Hesabu zake naziweza, lakini majina haya yamenishinda. Themomita, baromita, haigromita, anemomita! Nikiyashika usiku, asubuhi yamekwisha kunitoka."

Maneno hayo yalinichoma, maana najua si yeye peke yake. Wengi wetu tuliyakariri majina hayo kama kasuku, tukayaandika katika mtihani, kisha tukayasahau. Wengine wakatoka shuleni wakiamini kwamba sayansi ni mambo ya wageni, kwamba majina yake ni kama azima zisizofasirika, na kwamba lugha yetu haina ubavu wa kuyabeba. Kijana mwenye akili zake aache somo kwa sababu ya majina tu? Nikaona hapana, hilo halifai.

Katika ukuta wa sebule ya dada yangu pana kitu cha shaba cha mviringo, chenye kioo na mshale. Kilikuwa mali ya marehemu babu yake kijana huyu upande wa baba, mzee aliyekuwa baharia katika meli za mizigo. Tangu niijue nyumba ile, kitu hicho huitwa "saa mbovu ya babu", kwa kuwa kina uso wa saa lakini hakitaji saa. Nikamwambia mpwa wangu akiteremshe.

"Hii si saa," nikamwambia, "wala si mbovu. Hii ndiyo baromita iliyomo katika kitabu chako." Kijana akaduwaa. Amekulia chini ya chombo hicho, na jina lake linamtoa jasho, wala hakujua kwamba viwili hivyo ni kitu kimoja. Basi tukakaa barazani mpaka magharibi. Niliyomweleza ndiyo ninayokueleza nawe, ndugu msomaji.

MANENO MACHACHE TU

Siri ya majina haya ni ndogo. Kigiriki cha kale kina neno "metron", maana yake kipimo. Kina "skopein", yaani kutazama, na "graphein", yaani kuandika. Ukiyashika hayo matatu umekwisha fungua nusu ya mlango. Chombo ambacho jina lake linaishia kwa "mita" hupima, kinachoishia kwa "skopu" hutazamia, na kinachoishia kwa "grafu" huandika.

Iliyobaki ni kujua kinapima nini. "Thermos" ni -enye joto, basi themomita ni kipimo cha joto. "Baros" ni uzito, na baromita ni kipimo cha uzito, yaani uzito wa hewa inayotukandamiza. "Anemos" ni upepo. "Chronos" ni wakati, ndiyo maana saa ya mabaharia isiyokosea ikaitwa kronomita. "Seismos" ni tetemeko, na seismografu ni chombo kinachoandika matetemeko ya ardhi. "Hygros" ni -enye unyevu, na haigromita hupima unyevu uliomo hewani. Mswisi Horace-Bénédict de Saussure aliieleza haigromita yake mwaka 1783, na ndani yake aliweka unywele wa binadamu, kwa kuwa unywele hurefuka hewa ikiwa na unyevu na hufupika hewa ikikauka. Mama yeyote aliyewahi kusuka nywele msimu wa mvua anaijua tabia hiyo ya nywele bila ya kuambiwa na Mswisi.

Mpwa wangu aliposikia hayo akasema: "Kumbe ni kipima joto, kipima upepo, kipima unyevu. Hayo tu?" Nikamwambia hayo tu. Mgiriki akiyasikia husikia maneno ya kawaida ya nyumbani, kama wewe usikiavyo "kifungua kopo".

WAGIRIKI HAWAKUVIONA

Hapa kijana aliniuliza swali zuri: "Basi Wagiriki wa kale ndio waliovitengeneza?" La hasha. Wengi wetu tumedanganyika hapo. Plato na Aristotle hawakupata kuiona themomita wala baromita. Majina mengi haya yaliundwa miaka kama elfu mbili baada ya watu hao, na walioyaunda ni Wataliani, Wafaransa, Wajerumani na Waingereza waliofundishwa Kigiriki shuleni.

Neno teleskopu tunajua hata lilikotokea. Mwaka 1611 Galileo Galilei alikwenda Roma na chombo chake cha kutazamia nyota, na chama cha wanazuoni kilichoitwa Accademia dei Lincei kikamwandalia karamu. Katika karamu hiyo ndipo Giovanni Demisiani, mwanahisabati wa asili ya Kigiriki, alipokipa chombo kile jina hilo, kwa kuunganisha "tele", yaani mbali, na kutazama. Mwaka 1625 mwanachama mwingine, Giovanni Faber, akaiga mtindo huohuo kukiita mikroskopu chombo cha kutazamia vitu vidogo, kwani "mikros" ni -dogo. Neno themomita nalo lilitokea kwanza kwa Kifaransa, katika kitabu cha padri mmoja Mjesuiti, Jean Leurechon, mwaka 1624.

Kwa nini basi wakakimbilia Kigiriki? Nionavyo mimi, kwa sababu mbili. Kwanza, wasomi wa nchi zote za Ulaya walifundishwa lugha hiyo, kwa hiyo jina la Kigiriki halikuhitaji mkalimani kutoka Roma hadi London. Pili, lugha ya kale haina mwenyewe wa kujivuna, na Mfaransa hakuona aibu kulitumia neno ambalo si la Mwingereza.

Ziko ala chache ambazo Wagiriki wa kale walizitumia kweli, na majina yake ni ya mtaani kabisa. Saa yao ya maji, iliyotumika katika mahakama za Athens kumpimia msemaji muda wake, iliitwa "klepsydra", yaani mwizi wa maji. Kijiti cha kupimia kivuli cha jua waliita "gnomon", yaani mwenye kujua. Hayo si majina ya kumtisha mtu. Ni majina ya watu wenye mzaha na macho mazuri.

UZITO WA HEWA

Sasa turudi kwa ile "saa mbovu". Mnamo mwaka 1644 Mtaliani Evangelista Torricelli aliandika barua kueleza jaribio la mrija wa kioo uliojazwa zebaki na kupinduliwa ndani ya bakuli. Zebaki ilishuka kidogo, kisha ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi, isishuke tena. Torricelli alieleza kwamba sisi tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa, na ni uzito wa bahari hiyo unaoikandamiza zebaki ya bakulini na kuishikilia ile ya mrijani.

Mfaransa Blaise Pascal akataka hakika. Kama ni uzito wa hewa, alisema, basi juu ya mlima hewa ni chache na zebaki itashuka. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa mgonjwa, akamwomba shemeji yake, Florin Périer, aupande mlima Puy de Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer akaupanda, na kule juu zebaki ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya sentimita 8. Miaka ya 1660 ndipo Mwingereza Robert Boyle alipolitumia neno baromita. Jina lilikuja baada ya kazi kwisha kufanyika.

Ile ya babu haina zebaki. Ndani yake mna kikopo chembamba cha madini kilichotolewa hewa, ambacho hubonyea na kufutuka hewa ikizidi na kupungua uzito, na mshale hufuata. Mfaransa Lucien Vidie aliisajili ala ya namna hiyo mwaka 1844, ikaitwa aneroidi, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "bila ya majimaji". Mara hii tena jina linakwambia kilichomo ndani.

Kwenye uso wake pameandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya dhoruba, mvua, mabadiliko na hali njema. Maneno hayo yaliandikiwa bahari za Ulaya. Huku kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mshale hauendi mbali. Mvua kubwa ya masika inaweza kunyesha na mshale usijali. Lakini kuna jambo ambalo huku huonekana wazi kuliko kule Ulaya: uzito wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Hufika juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hufika chini mnamo saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti yake ni ndogo, milibari mbili tatu hivi, lakini aliye mvumilivu huiona.

MWALIMU WA MALINDI

Nilimkumbusha kijana pia kwamba pwani yetu si ngeni kwa mambo haya. Astrolabu, ala ya kupimia kimo cha nyota na jua, ina jina la Kigiriki lenye maana ya "kishika nyota". Waarabu waliipokea kwa Wagiriki, wakaiboresha, wakaiita asturlabu, kisha Ulaya ikajifunza kwao.

Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mwandishi wa tarehe wa Kireno, João de Barros, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anasema rubani huyo alionyeshwa astrolabu ya Wareno na hakushangaa hata kidogo. Alisema marubani wa Bahari ya Shamu wanazo ala za shaba za kazi hiyohiyo, naye akaonyesha yake, iliyoundwa kwa vibao vitatu. Wataalamu wengi huona hiyo ni kamali, kibao chenye uzi wa mafundo. Baharia alishika uzi kwa meno, akakisimamisha kibao baina ya upeo wa bahari na nyota, akahesabu mafundo. Na kipimo chake kiliitwa isba, yaani kidole. Wareno walimwita rubani huyo "Malemo". Neno hilo ni "muallimu" la Kiarabu, ambalo kwetu ni mwalimu.

NA KISWAHILI JE?

Wapo wanaocheka wakisikia kipimajoto, kipimahewa au kipimamvua. Husema ni maneno ya kubandika, na kwamba sayansi haiwezi kusemwa hivyo. Nawauliza: themomita ni nini kama si "kipimajoto" kwa Kigiriki? Na darubini, neno tulilolizoea tangu zamani, limetoka kwa Kiajemi, ambako "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. Demisiani na Waajemi walijenga nyumba moja kwa mawe tofauti.

Wala Kigiriki hakina ukamilifu wa kutushinda. Stethoskopu, ambayo daktari Mfaransa René Laennec aliianzisha mwaka 1816 kwa kukunja karatasi ikawa kama bomba, maana yake ni kitazama kifua. Na daktari huitumia kwa masikio! Teodolaiti ya wapima ardhi inasikika kama Kigiriki safi, kumbe hakuna ajuaye kwa hakika jina hilo lilitoka wapi.

Sisemi tuyatupe majina ya kimataifa. Mwanafunzi ayajue, kwa sababu atakutana nayo kila aendako. Nasema ayajue kwa maana yake, na ayajue pamoja na yale ya kwetu, asione haya ya lolote kati ya hayo.

Nilipokuwa nikiaga, mpwa wangu akanishika mkono. "Mjomba, kama baros ni uzito, basi kipimahewa halijatosha. Haipimwi hewa, unapimwa uzito wake. Ingeitwa mizani ya hewa." Nikakosa la kumjibu. Mtoto aliyetaka kuacha somo asubuhi, jioni anaisahihisha kamusi!

Juma lililofuata dada yangu alinipigia simu kulalamika kwamba mwanawe anaamka saa kumi alfajiri kukigonga kioo cha "saa mbovu" kwa ukucha na kuandika tarakimu daftarini. Nikamwambia amwache.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Kwa heshima zote, katika jambo hili mimi nawapinga. Asiyejua maana ndiye hasa wa kuambiwa.