Sepsisi: Tiba Ianze Kabla ya Kitanda Kupatikana

Mgonjwa wa sepsisi anapoingizwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, ndugu zake hushusha pumzi wakiamini kwamba sasa ndipo matibabu hasa yanapoanza. Imani hiyo inaeleweka, lakini ina hatari yake. Katika ugonjwa huu, saa alizokaa mgonjwa nyumbani, katika idara ya dharura au katika wodi ya kawaida zina uzito mkubwa katika hatima yake.

Sepsisi ni hali inayohatarisha maisha, ambapo mwili unaopambana na maambukizi hujidhuru wenyewe hata viungo vya ndani vikaanza kushindwa kazi. Chanzo chaweza kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kidonda, au maambukizi baada ya kujifungua. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja, shinikizo la damu hushuka, nazo figo, ubongo na moyo hukosa damu na oksijeni ya kutosha. Inakadiriwa kwamba mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipatwa na sepsisi, na vifo milioni 11 vilihusishwa nayo, yaani takriban kifo kimoja katika kila vifo vitano.

Saa zenye thamani

Mwongozo wa kimataifa wa tiba ya sepsisi uliotolewa mwaka 2021 unashauri kwamba mtu mzima anayehitaji wodi ya wagonjwa mahututi aingizwe humo ndani ya muda wa saa 6. Ushauri huo unatokana na tafiti kama ule wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa mahututi zaidi ya 50,000 wa maradhi mbalimbali. Miongoni mwa waliosubiri kitanda katika idara ya dharura kwa zaidi ya saa 6, asilimia 17.4 walifia hospitalini, ikilinganishwa na asilimia 12.9 ya waliohamishwa mapema.

Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kusubiri peke yake ndiko kulikosababisha vifo hivyo, na ndiyo maana ushauri huo umepewa uzito wa chini. Hata hivyo, mantiki yake ni wazi. Kitanda chenyewe hakitibu. Kinachookoa ni muuguzi mwenye wagonjwa wachache, vipimo vinavyorudiwa mara kwa mara, dawa za kupandisha shinikizo la damu na mashine ya kupumulia. Mgonjwa anayesubiri kitanda bila kuangaliwa hukosa vyote hivyo kwa pamoja.

Kuhusu viuavijasumu, dalili za madhara ya kuchelewa ni nzito zaidi. Utafiti wa mwaka 2006 uliofanyika Kanada na Marekani kwa wagonjwa ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeporomoka ulionyesha kwamba, katika saa 6 za mwanzo, kila saa moja ya kuchelewesha dawa iliambatana na kupungua kwa kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Kwa hiyo mwongozo unataka mgonjwa mwenye mshtuko wa sepsisi apewe dawa ndani ya saa 1. Asiye na mshtuko, ambaye sepsisi kwake ni jambo la kushukiwa tu, achunguzwe kwa haraka, na shaka ikibaki apewe dawa ndani ya saa 3.

Pasipo na kitanda

Barani Afrika suala hili lina sura nyingine. Utafiti wa hospitali katika nchi 22 za bara hili, uliochapishwa mwaka 2025, ulibaini kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na asilimia 69 ya mahututi hao walitibiwa katika wodi za kawaida. Kwa walio wengi, basi, swali la kwanza ni wodi ya kawaida inawafanyia nini sasa hivi.

Lakini kuharakisha si kufanya pupa. Nchini Zambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha watu wazima wenye sepsisi na shinikizo la chini la damu, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Waliopewa maji mengi ya dripu na dawa za kupandisha shinikizo kwa utaratibu maalumu walifariki asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.0. Kabla ya hapo, mwaka 2011, utafiti wa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu nchini Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba maji mengi yaliyotolewa kwa mkupuo yaliongeza vifo. Maji yana nafasi yake, ila yatolewe kwa kipimo, na mgonjwa apimwe upya kabla ya kuongezewa.

Mambo mengi ya lazima hayahitaji mashine kubwa. Mhudumu apime kasi ya kupumua, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, oksijeni, joto na fahamu, kisha avirudie vipimo hivyo. Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya dawa, mradi jambo hilo lisicheleweshe dozi. Anayepelekwa rufaa apewe dozi ya kwanza kabla ya safari, saa yake iandikwe katika karatasi ya rufaa, na hospitali inayompokea ipigiwe simu.

Mgonjwa na ndugu zake nao wana wajibu. Mwenye maambukizi akianza kuchanganyikiwa, kupumua kwa kasi, kukojoa kidogo sana, au ngozi yake ikawa baridi na yenye madoa, asisubiri kupambazuke. Joto la mwili lisiwapumbaze, kwa kuwa mzee au mtoto mchanga aweza kuwa na sepsisi bila homa. Wafikapo kituoni waeleze dalili zilianza lini, na waulize bila woga: “Je, hii yaweza kuwa sepsisi?”